Barua za kodi zilizokwama London: uchambuzi wa kisa cha kampuni iliyotumia anwani ya kukodi

Kisa hiki kinahusu kampuni ndogo iliyosajiliwa Uingereza, mmiliki wake Mtanzania, na anwani ya London ambayo mmiliki huyo hakuwahi kuikanyaga. Majina, mitaa na aina kamili ya bidhaa vimeondolewa. Fedha zilizopotea si nyingi, na hiyo ni sababu mojawapo ya kukichagua: pale ambapo hakuna aliyefilisika wala aliyeshtakiwa, ni rahisi kuona namna mambo yalivyokwenda kombo hatua kwa hatua, kila hatua ikiwa na sababu yake nzuri.

## Usuli

Mmiliki, ambaye hapa ataitwa mkurugenzi kwa kuwa ndicho cheo chake kisheria, alikuwa akiishi katika nyumba ya kupanga mjini Reading. Tarehe 14 Machi 2022 alisajili kampuni yenye mkurugenzi mmoja na mwanahisa mmoja, yeye mwenyewe, ili auze kwa njia ya mtandao kazi za mikono kutoka Afrika Mashariki. Sheria ya Makampuni ya Uingereza ya mwaka 2006 inaitaka kila kampuni iwe na ofisi iliyosajiliwa wakati wote, na anwani ya ofisi hiyo huwekwa wazi katika daftari la msajili wa makampuni, yaani Companies House, ambako mtu yeyote anaweza kuisoma bila malipo. Mkataba wake wa pango ulikataza biashara kuendeshwa ndani ya nyumba, na zaidi ya hapo hakupenda mteja aliyechelewewa na mzigo aweze kujua mlango anaolala. Hizo ni sababu halali, na hakuna popote katika uchambuzi huu panapomlaumu kwa kukodi anwani.

Alichonunua ni ile inayoitwa ofisi pepe: anwani ya mtaa unaofahamika, isiyo na chumba wala meza yake, kwa gharama iliyokuwa chini ya pauni 60 kwa mwaka. Alichukua kifurushi cha bei ya chini kabisa. Kifurushi hicho kilimruhusu kuitumia anwani kama ofisi iliyosajiliwa ya kampuni na pia kama anwani yake ya mawasiliano akiwa mkurugenzi, na kiliahidi kwamba barua za serikali zingekusanywa na kupelekwa kwa posta mara moja kwa wiki hadi nyumbani kwake Reading bila malipo ya ziada. Kufungua barua na kumtumia picha yake kwa baruapepe ilikuwa huduma tofauti, yenye bei yake. Kuzipeleka nje ya Uingereza kulihitaji mteja awe na salio la stempu katika akaunti yake kwa mtoa huduma. Vifungu hivi viwili vya mwisho vilikuwa katika ukurasa wa tatu wa masharti, na mkurugenzi anakiri kwamba aliupitia ukurasa huo kama mtu anavyopitia masharti ya simu mpya.

Inafaa kueleza ni barua gani hasa zinazohusika, kwa sababu msomaji aliyezoea kufanya mambo yake yote ya kodi kwenye mtandao anaweza kudhani kwamba barua ya karatasi ni mabaki ya zamani. Kwa kodi ya mapato ya kampuni, mamlaka ya kodi ya Uingereza, HMRC, bado hutuma kwa posta mambo ya msingi kabisa. Kampuni mpya hutumiwa namba yake ya mlipakodi yenye tarakimu 10 kwenye ofisi iliyosajiliwa. Mwaka wa hesabu ukiisha, hutumwa taarifa ya kuitaka kampuni iwasilishe ritani, yaani tamko la mapato yake na kodi inayodaiwa. Anayejiunga na huduma ya mtandaoni hutumiwa kwa posta namba ya siri ya kuifungulia huduma hiyo, na namba hiyo hufa baada ya siku 28. Hati za faini nazo hupita njia hiyohiyo. Kwa maneno mengine, mlango wa mtandaoni upo, lakini ufunguo wake huletwa na tarishi.

Kwa miaka miwili ya mwanzo mpangilio ulifanya kazi bila dosari. Kampuni ilianza biashara tarehe 1 Aprili 2022. Mhasibu mmoja, Mtanzania pia, aliidhinishwa kuwa wakala wa kodi wa kampuni mwaka huohuo, akaandaa hesabu na ritani ya kipindi cha kwanza kilichoishia tarehe 31 Machi 2023, na kila kitu kikawasilishwa kabla ya wakati. Mwezi Machi 2024 sheria mpya ya uwazi wa makampuni ilipoanza kutumika na kila kampuni ikatakiwa kumpa msajili anwani ya baruapepe, mhasibu alijaza anwani ya ofisi yake mwenyewe ili fomu isikwame. Hakuna aliyelifikiria tena jambo hilo kwa miezi 15.

## Mfuatano wa matukio

Mwezi Mei 2024 mama mzazi wa mkurugenzi aliugua Dar es Salaam. Mkurugenzi alipokuwa akijiandaa kuondoka, alimwandikia mtoa huduma asitishe kupeleka barua Reading, na mwezi Juni, akiwa tayari Dar es Salaam, akampa anwani mpya ya kupelekea: sanduku la posta la ofisi ya kaka yake. Mtoa huduma alikubali. Hakuna aliyemkumbusha kwamba sasa barua zingehitaji salio la stempu, au kama alikumbushwa basi ujumbe huo ulikwenda kwenye baruapepe aliyoitumia kwa duka pekee, ambako ulizikwa katikati ya matangazo.

Mwezi Agosti mhasibu aliwasilisha Companies House hesabu za mwaka ulioishia tarehe 31 Machi 2024. Baada ya hapo yeye na mkurugenzi waliachana kikazi bila ugomvi; mauzo yalikuwa yameshuka na mkurugenzi aliona kwamba ritani iliyobaki, ambayo mwisho wake ulikuwa tarehe 31 Machi 2025, angeweza kuiwasilisha mwenyewe. Faida ya kutozwa kodi ilikuwa pauni 11,400, kwa hiyo kodi kwa kiwango cha asilimia 19 ilikuwa pauni 2,166, na mwisho wa kuilipa ulikuwa tarehe 1 Januari 2025. Ifahamike kwamba nchini Uingereza kodi ya kampuni ndogo hulipwa miezi tisa na siku moja baada ya kipindi kuisha, ilhali ritani yenyewe huwa na miezi 12. Unalipa kwanza, unaeleza baadaye.

Alilipa mwezi Desemba, kabla ya wakati. Tatizo ni namba ya kumbukumbu. Malipo ya kodi ya kampuni huambatana na namba yenye herufi na tarakimu 17, ambayo sehemu yake ya mwisho hubadilika kila kipindi cha hesabu. Namba ya kipindi cha pili ilikuwa katika taarifa iliyofika London mwezi Mei, siku chache baada ya yeye kusitisha upelekaji. Kwa kutokuwa nayo, alifungua risiti ya mwaka uliotangulia na kunakili namba iliyokuwamo. Benki ilipokea, fedha zikaondoka, na zikakaa katika kipindi ambacho kodi yake ilikuwa imekwisha kulipwa, huku kipindi cha pili kikionekana hakijalipiwa hata senti.

Tarehe 13 Januari 2025 alifungua akaunti yake binafsi katika mfumo wa serikali na kuomba huduma ya kodi ya kampuni. Namba ya siri ilitumwa siku iliyofuata na kufika London tarehe 21. Pale ilibaki, kwa sababu salio la stempu lilikuwa sifuri. Aliuona ujumbe wa mtoa huduma tarehe 6 Februari katika folda ya barua taka, akaongeza pauni 15 siku ileile, na bahasha ikapelekwa posta tarehe 10. Namba ikafa tarehe 11, bahasha ikiwa hata haijavuka maji.

Tarehe 3 Machi kaka yake alimpigia simu kwamba kuna mzigo kwenye sanduku. Mkurugenzi ananieleza kwamba aliufungulia palepale, akiwa amesimama kando ya ukuta wa masanduku. Ndani ya bahasha moja kubwa mlikuwa na bahasha nne za kaki zenye dirisha la plastiki, na kupitia dirisha hilo lilisomeka jina la kampuni yake juu ya anwani ya London. Alizipanga kwa tarehe. Ya kwanza ilikuwa ile taarifa ya Mei, yenye namba ya kumbukumbu aliyoihitaji Desemba. Mbili zilikuwa za kukumbusha. Ya nne ilikuwa namba ya siri, iliyokufa wiki tatu kabla. «Nilihisi kama nimepokea magazeti ya mwaka jana,» ndivyo alivyosema.

Aliomba namba ya pili tarehe 5 Machi, na safari hii akamwandikia mtoa huduma mapema: barua ikifika, ifunguliwe na picha yake itumwe. Barua ilifika tarehe 13, ikiwa na wiki tatu za uhai. Hapo likaibuka jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Wanaokodisha anwani kwa makampuni nchini Uingereza wamo chini ya kanuni za mwaka 2017 za kuzuia utakatishaji wa fedha, na wanatakiwa kumfahamu mteja wao mwanzoni na kuendelea kumfahamu. Mteja aliyehama nchi na sasa anaomba barua ya siri ifunguliwe na kutumwa kwa mtandao ni mteja wa kuthibitishwa upya. Aliombwa pasipoti, na uthibitisho wa makazi usiozidi miezi mitatu: bili ya umeme, ya maji, au taarifa ya benki.

Pasipoti haikuwa tatizo. Umeme wa nyumba ya mama yake ni wa LUKU; hununuliwa kwa simu, na kinachorudi ni ujumbe wa tarakimu 20 za kuingiza kwenye mita, si bili yenye jina na anwani. Maji yaliandikwa jina la mama. Alikwenda ofisi ya serikali ya mtaa, akaandikiwa barua ya utambulisho yenye picha yake na muhuri, karatasi ambayo hapa nchini hufungua milango mingi. Mtoa huduma aliijibu kwa sentensi moja kwamba hati hiyo haimo katika orodha yake. Taarifa ya benki ya Tanzania ilionyesha sanduku la posta, si makazi, nayo ikakataliwa. Tarehe 31 Machi ikapita. Namba ya pili ikafa tarehe 3 Aprili, barua ikiwa bado haijafunguliwa.

Mtoa huduma alitoa notisi, na tarehe 30 Aprili akasitisha mkataba. Mkurugenzi aliuona ujumbe huo lakini akauelewa nusu: alidhani kwamba barua hazitapelekwa tena, hakutambua kwamba kuanzia siku hiyo hakuwa na haki ya kuitumia anwani yenyewe. Tarehe 6 Mei akaomba namba ya tatu, akitumaini kwamba rafiki yake aliyeko London angepita kuichukua mkononi. Rafiki alipita. Aliambiwa mapokezi kwamba barua za kampuni hiyo hurudishwa kwa mtumaji.

Kisha, tarehe 16 Juni saa nne usiku, simu ililia. Alikuwa yule mhasibu wa zamani, kwa ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp.

«Shikamoo dada, samahani kwa usiku huu. Nimepata baruapepe ya Companies House kuhusu kampuni yako. Wanasema kuna ombi la kuiondoa anwani yenu. Unajua kinachoendelea?»

«Marahaba mdogo wangu,» alijibu. «Sijui lolote. Na ritani ya kodi bado sijaituma, namba zao zinanipiga chenga tangu Januari.»

Ukapita muda kidogo, akajibu kwa maandishi: «Mbona mimi bado ni wakala wenu kule HMRC? Hukunitoa. Ningeweza kuituma siku yoyote.»

## Maamuzi yaliyofanyika baada ya hapo

Usiku uleule walikubaliana mambo matatu, na mpangilio wake una maana.

La kwanza lilikuwa anwani, kabla ya ritani. Mkurugenzi alitaka kuanza na ritani kwa kuwa ndiyo iliyomkosesha usingizi, lakini mhasibu alimweleza hatari iliyokuwa karibu zaidi. Tangu tarehe 4 Machi 2024 anwani iliyosajiliwa lazima iwe anwani inayofaa kwa maana ya sheria, yaani mahali ambapo barua ikiletwa kwa mkono au kwa posta inatarajiwa kumfikia mtu anayeiwakilisha kampuni, na ambapo mtu anaweza kusaini kwamba imepokewa. Sanduku la posta peke yake halikubaliki. Msajili akiridhika kwamba anwani haifai, anaweza kuihamishia kampuni kwenye anwani ya muda ya Companies House yenyewe. Kampuni hupewa siku 28 kuleta anwani halisi pamoja na ushahidi, na ikishindwa, mchakato wa kuifuta kwenye daftari unaweza kuanza. Kampuni ikifutwa, mali iliyobaki kwa jina lake, pamoja na fedha zilizomo benki, huwa ya Ufalme. Kwa kampuni yenye bidhaa ghalani na pauni elfu kadhaa kwenye akaunti, hilo halikuwa jambo la kungoja. Tarehe 17 Juni walibadilisha anwani kwa njia ya mtandao, bila ada, kwenda ofisi ya mhasibu, baada ya kumthibitisha mkurugenzi upya kwa pasipoti na mazungumzo ya video na kuandikishana mkataba wa ukurasa mmoja.

La pili lilikuwa ritani. Idhini ya wakala wa kodi haifi kwa sababu mteja na mhasibu wameacha kufanya kazi pamoja. Hubaki mpaka mmoja wao aiondoe. Kwa kuwa mhasibu ndiye aliyeandaa hesabu zilizowasilishwa Agosti, hakuhitaji nyaraka mpya. Ritani ilitumwa tarehe 24 Juni, siku 85 baada ya mwisho wake. Siku sita zaidi na ingefikia miezi mitatu ya kuchelewa, ambapo faini ya pili ya pauni 100 ingeongezwa juu ya ile ya kwanza.

La tatu lilikuwa fedha zilizokwenda kipindi kisicho chake. Mhasibu aliomba malipo ya Desemba yahamishiwe kipindi cha pili kwa tarehe yake ya awali, na ombi likakubaliwa, hivyo riba iliyokuwa imeanza kuhesabiwa tangu Januari ikafutwa.

Walilijadili pia suala la kukata rufaa dhidi ya faini ya kwanza, na wakaamua kuacha. Muda wa kukata rufaa ni siku 30 tangu tarehe ya hati ya faini, nao ulikuwa umepita, kwa hiyo wangelazimika kwanza kueleza kwa nini wamechelewa hata kukata rufaa. Na hoja yenyewe ilikuwa dhaifu. Mkurugenzi aliona kwamba kutopokea barua ni sababu tosha. Mhasibu akamwambia kwamba barua zilifika.

## Matokeo

Faini iliyolipwa ni pauni 100. Stempu, kifurushi cha anwani kilichositishwa kabla ya muda wake kwisha, na ada ya mhasibu kwa ritani vilizidi kidogo pauni 300. Anwani mpya inagharimu karibu mara mbili ya ile ya zamani kwa mwaka. Kampuni ipo, akaunti ya benki haikuguswa, na hakuna deni la kodi. Kisichohesabika ni miezi mitano ya kufukuzana na tarakimu chache za siri katika kipindi ambacho mkurugenzi alikuwa akilala hospitalini kwa zamu na ndugu zake.

## Uchambuzi: barua hufika wapi?

Kiini cha kisa hiki, kwa maoni yangu, kiko katika lile jibu la mhasibu kwamba barua zilifika. Sheria ya Makampuni inasema kwamba hati inaweza kukabidhiwa kwa kampuni kwa kuiacha au kuituma kwa posta kwenye ofisi iliyosajiliwa. Sheria ya Tafsiri ya mwaka 1978 inaongeza kwamba barua iliyoandikwa anwani sahihi, ikalipiwa stempu na kutiwa posta, huchukuliwa kuwa imefika kwa muda wa kawaida wa posta, isipokuwa kinyume chake kithibitishwe. Kwa hiyo saa ya sheria ilianza kuhesabu bahasha ilipoanguka kwenye meza ya mapokezi London. Saa ya mkurugenzi ilianza bahasha ilipotolewa kwenye sanduku Dar es Salaam. Kati ya saa hizo mbili palikuwa na salio la stempu, folda ya barua taka, masharti ya ukurasa wa tatu, ndege, na kaka mwenye ufunguo wa sanduku, na kila kimoja kati ya hivyo kilikuwa upande wa kampuni, si upande wa HMRC. Anayekodi anwani haondoi safari ya barua. Anaihamishia ndani ya nyumba yake na kuwa msimamizi wake.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya pekee ya kuliona hili kwa ugumu, nami sijitoi. Sisi tumekulia katika anwani za sanduku. Barua ikishaingia katika sanduku, huwa imefika, na mwenye nayo huifuata siku akipata nafasi; hakuna tarishi anayegonga mlango, na wala hakuna anayekushangaa ukikaa wiki mbili bila kwenda posta. Mkurugenzi alilitazama jengo la London kama sanduku kubwa la posta lenye anwani nzuri. Mtoa huduma aliuza kitu kinachofanana na hicho. Sheria ya Uingereza, hasa tangu Machi 2024, inakitazama kama mlango wa kampuni, ambao nyuma yake lazima awepo mtu.

Mazoea mengine yaliyomponza ni ya malipo. Aliyezoea namba ya malipo ya serikali ya Tanzania, ile inayotolewa upya kwa kila ankara, huamini kwamba namba isiyofaa itakataliwa. Namba ya kumbukumbu ya HMRC haikatai: ni anwani ya kipindi, na kipindi cha zamani hupokea fedha kimya kimya. Kosa lake hapa halikutokana na uzembe; lilitokana na kuutumia mfumo mmoja kwa akili ya mwingine.

Je, mtoa huduma alikosea? Nimeisoma mikataba na barua walizoandikiana, na jibu langu ni kwamba alitimiza alichouza. Hakuwa na wajibu wa kufungua barua bila kulipwa wala bila kumthibitisha mteja, na kuikataa barua ya serikali ya mtaa ni kufuata orodha yake, hata kama orodha hiyo imeandikwa na mtu asiyejua kwamba kuna nchi ambako umeme haulipiwi kwa bili. Ninachomlaumu ni lugha. Ujumbe wa kusitisha mkataba ulizungumzia «huduma ya barua» katika aya nne na haukusema hata mara moja kwa uwazi kwamba mteja aondoe anwani hiyo katika daftari la msajili.

Mhasibu naye ana sehemu yake, na yeye mwenyewe aliikubali. Mteja anapoondoka, wakala mwangalifu humwandikia barua ya kufunga kazi inayosema nani ameidhinishwa wapi, ni namba zipi za siri zipo, na baruapepe ipi imesajiliwa. Barua hiyo haikuandikwa. Ingeandikwa, mkurugenzi angejua mwezi Septemba kwamba njia ya kutuma ritani ilikuwa wazi. Lakini pia, ingeandikwa vizuri, baruapepe ya mhasibu ingeondolewa katika daftari, na onyo la Juni lingekwenda kwenye ile baruapepe ya duka isiyosomwa. Uokoaji wa kampuni hii ulitokana na mambo mawili yaliyosahauliwa, na sioni namna ya kuligeuza hilo kuwa ushauri.

Kilichofanya kazi kwa hakika ni mpangilio wa siku ile ya mwisho: anwani kwanza, ritani pili, fedha tatu. Wangeanza na ritani huku wakijaribu tena njia ya namba ya siri, barua ya nne ingetumwa kwenye anwani isiyo yao. Kilichoshindikana mapema zaidi ni uamuzi wa Juni 2024. Siku anwani ya kupelekea barua ilipohama kutoka Reading kwenda Dar es Salaam, kifurushi cha bei ya chini kilikuwa kimekwisha kazi yake, hata kama kiliendelea kulipiwa. Wakati huo, akiwa bado na bili za Reading zenye jina lake, angeweza kuthibitishwa upya kwa dakika chache na kununua huduma ya kufungua na kutuma picha kwa gharama isiyofikia ile faini. Miezi tisa baadaye hakuwa na karatasi hata moja ambayo London ingeitambua.

Jambo dogo la mwisho linahusu siri ya makazi, iliyokuwa sababu ya kukodi anwani tangu mwanzo. Imelindwa: nyumba ya Reading haikuwahi kuonekana katika daftari, na ya Dar es Salaam haionekani leo. Ofisi ya mhasibu inafanya kazi ileile iliyofanywa na jengo la London, kwa tofauti moja, kwamba anayeipokea barua anajua ritani ni nini na huipiga picha siku ileile. Kati ya zile barua tatu za namba ya siri, ya kwanza imo katika jalada la kampuni pamoja na bahasha yake. Ya pili ilitumwa na mtoa huduma mwezi Julai, ikiwa bado haijafunguliwa. Ya tatu ilirudishwa kwa mtumaji mwezi Mei, na upande wa kampuni hakuna aliyewahi kuiona.